Balbu ya shilingi hamsini, na vile ilinila elfu sita na nusu

Gari yangu ni Benz, E240 ya 1998, zile za macho manne ya duara mbele, W210 kwa wale wanaozijua kwa namba. Na kabla mtu hajaanza kusema niko na pesa, niliuziwa kwa bei ambayo huwezi pata Probox ya maana, kwa sababu mwenyewe alikuwa amechoka nayo na hapa Nairobi Benz ya zamani watu wanaiogopa kama shailoki. Mimi naipenda. Shida zake ni ndogo ndogo tu, lakini ndogo ndogo za Benz zinajua kukula mtu, na hii nawaandikia ndio mwingine asipitishwe vile mimi nilipitishwa na kitu kidogo kuliko punje ya maharagwe.

Ni balbu. Zile ziko nyuma ya paneli ya AC kwa dashi, zinamulika vitufe na vile viduara vya kuongeza na kupunguza joto usiku. Ya kwanza ilikufa karibu na Krismasi, nikasema hiyo si kitu. Ya pili Februari. Kufika Juni, speedometa inawaka, redio inawaka, lakini hapo katikati ni shimo jeusi, kona moja tu ilikuwa na mwanga kidogo kama kijinga cha moto kinachozimika. Mchana huoni shida yoyote, kila kitu kinafanya kazi, ndio maana unaahirisha na kuahirisha.

Sasa Julai, ile baridi yenyewe, tulikuwa tunatoka Nakuru kwa matanga, mimi, mke wangu, watoto wawili nyuma na mama yangu mbele kwa sababu miguu yake haitaki kukunjwa. Tumepita Kinungi vizuri, tunakaribia Kimende saa mbili usiku na wale mnaijua hiyo barabara mnajua ukungu wa huko, unakuja mara moja kama mtu amekufunika na blanketi. Nje ukungu, ndani watu watano wanapumua, kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe. Nikapeleka mkono kwa kile kitufe cha kusafisha kioo. Nikabonyeza. Kioo kikazidi. Nikabonyeza kingine. Kikazidi tena. Kumbe ile nilikuwa nimebonyeza kwanza ni ya kuzungusha hewa ya ndani, yaani nimefunga hewa ya nje isiingie na zile pumzi zetu zote zinarudi kwa kioo, hiyo ndiyo kitu mbaya kabisa unaweza kufanya kioo kikishika mvuke. Nyuma yangu lori limewasha taa kali na hakuna mahali pa kuegesha naona.

"Mama, nimulikie hapa na simu."

"Wapi?"

"Hapo chini, kwa vitufe."

Akawasha tochi ya simu, akanimulika machoni kwanza, halafu akapata dashi. "Kijana wangu," akasema pole pole, "hii gari yako ya matajiri haina taa?"

Mke wangu huko nyuma hakusema neno. Hilo ndilo lilinifanya nijue wiki hiyo lazima itengenezwe.

Jumatatu nikaingia gereji moja, sitaji jina na haina haja. Kijana akachomeka mashine yake ya kusoma makosa, akaangalia angalia, akaniambia boss hii ni moduli imeungua, paneli nzima, kuna eks-Japani, yaani spea iliyotumika Japani, anaweza nitafutia kwa elfu ishirini na nane. Mashine yenyewe mia tano, hiyo nikalipa hapo hapo.

Sasa hapa ndio wengi wanaibiwa, kwa hivyo sikiza. Paneli ikiwa imekufa, AC haitii. Feni haibadilishi kasi, joto halibadiliki, vitufe havifanyi kitu. Yangu ilikuwa inafanya kila kitu, na hata kale kataa kadogo kekundu kanachokuambia kitufe kimeshika kalikuwa kanawaka vizuri. Kale huwa ni ka LED kako peke yake. Zile zinazomulika maandishi usiku ni balbu za kawaida za kuchomeka, na ndizo zinaisha. Angalia pia ile swichi ya kupunguza mwanga wa dashi isije ikawa mtoto ameigeuza mpaka chini, ingawa hiyo ikiwa ndiyo shida basi na speedometa nayo ingefifia. Kama vitufe vinafanya kazi mchana na usiku huvioni, ni balbu. Usikubali kuuziwa moduli.

Mimi hilo nilikuwa nalijua nusu nusu, nikatoka hapo na hasira na kiburi, nikasema nitafanya mwenyewe. Kiburi ndicho kilileta zile gharama zingine.

Nikaenda Grogan. Vijana wa siku hizi wanaiona imeandikwa Kirinyaga Road lakini ukiuliza spea hakuna anayeita hivyo. Duka la kwanza kijana akaniuliza nataka za kawaida ama za kisasa. Mtu akikuuliza hivyo utasema nini? Nikachukua za LED, nne, mia moja hamsini kila moja, zimeandikwa nyeupe. Za kawaida alikuwa anauza finje. Hamsini tu. Hiyo bei ikumbuke.

Jumamosi asubuhi nikaegesha pale parkingi ya kwetu Donholm, nikatandika gazeti, nikatoa bisibisi mbili na plaiz. Sikuwa nimeangalia hata video moja. Ile sehemu ya katikati imefunikwa na mbao, na mbao ya Benz ya miaka hiyo ni mbao ya kweli, ganda jembamba sana limebandikwa halafu likapakwa vanishi nene inang'aa kama kioo. Haijafungwa na skrubu mbele, imeshikwa na klipu kwa chini, na klipu inataka uivute sawa sawa pande zote mbili kwa vidole, ama ubenue kwa kijiti cha plastiki. Mimi nikaingiza bisibisi bapa kwa kona nikaibenua. Ikasema tak! Sauti ndogo tu, kama mtu amevunja njugu. Nikaangalia sioni kitu, nikashukuru, halafu jua likapiga pale nikaona ufa umetoka kwa kona ukapanda juu umepinda pinda kama mto kwenye ramani, urefu wa kidole changu cha kati. Nilikaa kwa kiti dakika kumi nzima sifanyi kitu.

Gari ya umri wa miaka ishirini na kitu, plastiki yake yote imekauka na jua, klipu zinavunjika kama biskuti. Kama unaweza, fanya hiyo kazi gari ikiwa imeshapata joto kidogo, si asubuhi ya Julai.

Halafu redio. Ili ufikie paneli redio lazima itoke kwanza, na redio ya Benz haitoki kwa nguvu. Kuna nafasi nyembamba kwa uso wake, unaingiza funguo zake, ni vibati viwili tu vyembamba, zinabonyeza vishikio kwa ndani halafu inateleza inakuja. Mimi nikajaribu na visu vya mezani. Mke wangu aliona visu vyake kutoka dirishani, na hiyo ni hadithi ingine. Nikarudi Grogan na matatu nikanunua hivyo vibati, mia tano.

Kabla ya kuvuta redio nikajiambia wacha niwe mwangalifu sasa, nikachomoa waya wa betri. Ni ushauri mzuri, kila mahali utaambiwa hivyo. Kitu hakuna mtu alikuwa ameniambia ni kwamba redio za wakati huo ukizikatia umeme zinajifunga, ukiwasha inaandika CODE na haitaki kuongea na wewe mpaka uiwekee namba. Namba huwa kwa kadi ndogo iliyokuja na gari. Kadi yangu iko wapi? Huyo aliyeniuzia hata kitabu cha gari hakuwa nacho. Kwa hivyo kabla hujagusa betri, tafuta hiyo kadi kwanza, angalia kwa ule mfuko wa vitabu, angalia kwa droo ya mbele, muulize aliyekuuzia. Mimi niliishia kwa fundi wa redio kule Luthuli, akataka logbuk na kitambulisho kwanza ndio aiguse, hilo nilimheshimu kwalo, akaifungua akaisoma namba, elfu mbili. Sasa nimeiandika kwa simu, na kwa karatasi, na mke wangu anaijua kwa kichwa.

Lakini tuko bado Jumamosi. Redio imetoka, skrubu za paneli zimetoka, nimeivuta mbele inaning'inia na waya zake, nimeigeuza. Nyuma kuna vishimo na ndani ya kila kimoja kamekaa kabalbu kwa kakiti ka plastiki, juu kana mkato kama wa skrubu. Unaingiza bisibisi ndogo, unageuza robo tu kushoto, kanaachia. Hiyo ndiyo kazi yote. Robo mzunguko! Nikahisi mjinga vile nimeteseka kufika hapo.

Tatu zilitoka sawa. Ya nne niliigeuza ikaachia, ikasimama kwa ncha ya bisibisi nusu sekunde, halafu ikaingia ndani ya tumbo la gari hapo chini ya gia. Nilisikia ikigonga kitu mara mbili, ti, ti, halafu kimya. Nikajaribu sumaku, lakini sumaku inashika skrubu tu, haina habari na glasi na shaba. Nikajaribu mrija wa juisi wa mtoto na selotepu kwa ncha. Wapi. Iko huko mpaka leo, nikipita bampu za kuingia esteti ukizima redio unaisikia.

Nikaweka LED zangu nne, nikarudisha betri, nikawasha taa. Mbili zikawaka, mbili zikakataa. LED ina upande wa chanya na hasi, ukiiweka kinyume haiwaki, unaitoa tu unaigeuza nusu mzunguko unarudisha. Bahati nzuri nilikuwa nimejaribu kabla ya kufunga, hiyo ni kitu kimoja nilifanya sawa siku hiyo nzima. Nikazigeuza, zote nne zikawaka, nikafunga, nikasubiri usiku kama mtoto anayesubiri Idi.

Usiku ulipofika nilitaka kulia. LED za aina hiyo zinatupa mwanga mbele tu kama tochi, balbu ya kawaida inatupa pande zote na ile paneli ilitengenezwa kwa balbu ya kawaida. Kwa hivyo nilipata madoa manne ya bluu makali sana na katikati yake maandishi hayasomeki. Kitufe chenyewe cha kioo, kile kilichoniletea haya yote, kilikuwa kwa giza kati ya madoa mawili. Nikajaribu kupunguza kwa swichi ya dashi, zikaanza kupepesa. Mke wangu akaingia kwa gari, akaangalia, akauliza, "Hii ni gari ya mtu ama ni matatu ya Rongai?"

Sisemi LED ni mbaya. Kuna za mwanga wa njano zenye kichwa kinachotawanya mwanga, na kuna zile hazichagui upande, ukipata hizo sawa, hazipati joto na zinadumu. Lakini si hizi za mia na hamsini zilizoandikwa nyeupe.

Rafiki kazini ndiye alinielekeza kwa mzee mmoja kule Ngara, fundi wa umeme wa magari tangu enzi zile gari zilikuwa na waya kumi tu, hana bango, ana kibanda na stuli mbili. Nikamwambia mzee shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akamaliza kwanza ile alikuwa anafanya. Nilimweleza kila kitu pamoja na ufa. Hakunicheka. Aliuliza kitu kimoja tu, zile za zamani ulizitoa uko nazo? Nilikuwa nazo tatu kwa mfuko wa shati.

Akachukua moja akaiinua kwa jua. "Unaona?" Kwa glasi ndani kulikuwa na weusi, kama chemni ya taa ya mafuta haijasafishwa. Akaniambia huo weusi ni ule uzi wenyewe wa ndani, kila siku ukiwaka unapungua kidogo unaenda kukaa kwa glasi, mpaka siku moja unakuwa mwembamba unakatika. Balbu imeandikwa volti 12, lakini injini ikiwa inanguruma altaneta inatoa karibu 14, na hizo volti mbili za ziada ndizo zinazozila haraka. Ile ya mwisho niliyokuwa nimeidondosha ilikuwa bado inawaka kwa mbali, nikamwambia ningejua ningeihifadhi. Akacheka sasa. "Zilizaliwa siku moja hizi, zitakufa wiki moja. Ukifungua, badilisha zote, hata inayowaka. Ama unataka kufungua tena?" Hapo nikakumbuka mbao yangu, nikanyamaza.

Akanionyesha na mita yake ya umeme, balbu nzuri ya wati 1.2 ikiwa baridi inasoma omu kumi na kitu hivi (omu ni kipimo cha vile uzi unakataa umeme), iliyokatika haisomi kitu. Nikamuuliza mbona ni kidogo hivyo, hesabu ya shule inasema wati 1.2 kwa volti 12 ni omu 120. Akaniangalia kama mtu ameona mbuzi akisoma gazeti. Akasema hiyo 120 ni ikishawaka, uzi ukipata moto unakataa zaidi. Kwa hivyo ukinunua Grogan nenda na mita, ama mwambie mwenye duka akupimie hapo hapo, kwa sababu kwa pakiti ya kumi unaweza kupata moja imekufa ndani ya karatasi. Na nenda na ile ya zamani mkononi. Hizo balbu ni za saizi nyingi zinafanana kama ndugu, ukisema tu "ya dashi ya Benz" utapewa yoyote. Kama ya zamani imevaa kikofia cha rangi, usikitupe, kivue uvishe mpya, la sivyo dashi itakuwa rangi mbili.

Nilimwangalia akifanya kazi na hapo ndio nilijua nilikosea wapi. Kwanza alizima gari akachomoa ufunguo, akapiga picha na kasimu kake ka zamani kila hatua, waya zilivyokaa. Waya zenye soketi ya njano hakuzigusa, akaniambia kwa gari nyingi hizo ni za eabegi, ile mifuko ya hewa inayofunguka ukigonga, na usizichomoe kamwe ufunguo ukiwa umewashwa. Betri hakuikata, alisema kwa kutoa balbu hahitaji, bora hugusi hizo zingine. Skrubu aliziweka kwa trei ya mayai, kila hatua na shimo lake kwa mpangilio, wakati wa kurudisha anaanza na shimo la mwisho anarudi nyuma. Chini ya gia akaziba kila nafasi na kitambaa, kitambaa tu cha kawaida, na mimi nina balbu inalia huko ndani. Kuvuta balbu hatumii plaiz inavunja glasi, ana kipande cha ule mpira mwembamba wa maji ya waipa, anakivalisha kwa kichwa cha balbu, kinashika, anavuta inakuja. Kurudisha ni hivyo hivyo.

Dakika arobaini. Akawasha taa za parkingi kabla ya kufunga skrubu hata moja, akaweka koti lake juu ya dashi na sisi wawili tukaingiza vichwa ndani ya koti kama wapiga picha wa zamani kuona kama zote nne zinawaka sawa. Zilikuwa sawa. Ile rangi yake ya njano tulivu.

Akataka elfu moja. Balbu nilikuwa nimenunua nane za finje, nne za kuweka na nne za akiba, mia nne. Ufa wa mbao nikaupeleka kwa seremala mmoja wa Ngong Road, akaujaza akaupiga msasa akapaka vanishi upya, elfu moja mia tano, na ukikaa kwa kiti cha dereva huuoni, ukikaa kwa abiria unauona. Jumla na ile mia tano ya mashine, mia sita ya LED, mia tano ya vibati na elfu mbili ya redio, ni elfu sita na mia tano. Balbu zilizohitajika zilikuwa za mia mbili.

Mke wangu amekataa kunirudishia visu, amenunua vingine. Mama alipanda tena Agosti tukienda Limuru, hata hakuangalia dashi, alilala tangu Kangemi.

Na juzi nikitoka kazini nimeona mwanga wa upande wa geji ya mafuta umeanza kupepesa. Bado niko na balbu nne kwa droo, sijui kama zitaingia, na trei ya mayai iko kwa buti.